Mkojo wa Mtu Aliyeumia: Sababu ya Kupiga Kibofu Picha



Siku ya kliniki tunazoea kuzungumza juu ya kilo za mtoto, chanjo, uji na malaria. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi wanaona haya kulitaja: mkojo wa mtu aliyepata ajali.

Tunakuambia wewe kwa sababu katika nyumba wewe ndiye unayejua nani amekojoa na nani hajakojoa tangu asubuhi. Baba akianguka kutoka juu ya kamio, ao mtoto akipigwa teke na ng'ombe, ni wewe unayekaa karibu ya kitanda usiku. Macho yako yanaweza kuona alama mbele ya muganga na mbele ya mashine yoyote. Basi soma polepole, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

AJALI ZA KWETU

Pepa iko juu, katika milima ya Marungu, ambayo pahali pengine inapita meta 2000. Ziwa Tanganyika liko chini sana, karibu meta 770. Kwa hiyo kila mzigo unaokwenda ziwani unashuka milima, na watu wanakaa juu ya mizigo. Breki zikikatika, ao gurudumu likiingia katika shimo, mtu anatupwa chini. Tena kuna pikipiki. Tena kuna ng'ombe, maana Marungu ni inchi ya ng'ombe, na teke la ng'ombe si mchezo. Tena kuna miti inayoanguka, na watoto wanaoanguka kutoka juu ya miembe.

Mtu akiumia hivi, sisi sote tunatazama kichwa, mikono na miguu. Tunatazama damu inayoonekana. Lakini kuna jeraha lisiloonekana, nalo ni la kibofu cha mkojo.

KIBOFU NI KITU GANI?

Bila shaka umekwisha kuona kibofu cha mbuzi aliyechinjwa. Ni mfuko laini. Ukiwa mtupu ni mdogo na umekunjamana. Watoto wakiupuliza unakuwa kama mpira. Kibofu cha mtu ni vilevile.

Kibofu kikiwa kitupu, kinajificha chini, nyuma ya mfupa wa mbele wa nyonga. Mfupa huo unakilinda kama ukuta. Lakini kikijaa, kinapanda juu ya ukuta na kuingia upande wa tumbo. Hapo hakina mlinzi. Pigo moja la nguvu juu ya tumbo linaweza kukipasua, namna mpira uliojaa sana unavyopasuka ukikanyagwa. Kwa watoto wadogo kibofu kinakaa juu zaidi, karibu na tumbo, kwa hiyo wao wako katika hatari zaidi.

Kibofu kinapasuka kwa namna mbili:

1. Kinapasuka upande wa juu, na mkojo unamwagika ndani ya tumbo, katikati ya matumbo. Hii inatokea mara nyingi kwa mtu aliyepigwa wakati kibofu chake kimejaa.

2. Kinapasuka upande wa chini ao wa pembeni, na mkojo unamwagika nje ya mfuko wa tumbo, katika nyama za kuzunguka mifupa ya nyonga. Hii inatokea zaidi mifupa ya nyonga ikivunjika. Kati ya namna hizi mbili, hii ya pili ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi.

Mara nyingine zote mbili zinakuja pamoja.

UDANGANYIFU WA SIKU YA KWANZA

Angalia sana jambo hili, mama, maana hapa ndipo watu wanapotea.

Mkojo wa mtu mwenye afya hauna vijidudu vingi. Ukimwagika ndani ya tumbo, siku ya kwanza mgonjwa anaweza kuwa na maumivu madogo tu. Anaongea, anaomba maji, pengine anasimama. Watu wanasema, "Amepona, alistuka tu." Siku ya pili ao ya tatu tumbo linavimba, anatapika, hakojoi, anakuwa mlegevu. Taka ambazo figo zilikwisha kuzitoa zinarudi katika damu kwa njia ya tumbo. Vijidudu vikiingia, tumbo lote linaoza. Mgonjwa aliyeweza kupona kwa kazi ndogo ya dokta sasa anapigania maisha yake.

Tuseme mama mmoja anamleta mtoto wake kwa muganga siku ya tatu.

– Muganga, mutoto wangu iko na tumbo kubwa.

– Pole, mama. Alianza lini?

– Alianguka kwa muti siku tatu. Kwanza alikuwa anacheza kidogo. Sasa analala tu.

– Amekojoa mara ngapi toka alianguka?

– Eh, muganga… alikojoa mara moja ile siku. Ilikuwa kidogo, nyekundu. Nilifikiri ni damu ya kuumia, itaisha.

Mama huyu si mjinga, wala hakukosa upendo. Hakuna mtu aliyemwambia kama mkojo ule mwekundu ulikuwa barua, na barua hiyo ilitaka jibu siku ileile. Leo tunakuambia wewe.

ALAMA ZA KUANGALIA

Nyuma ya ajali yoyote ya tumbo ao ya nyonga, angalia:

1. Mkojo una damu ya kuonekana kwa macho, ao rangi ya chai nzito.
2. Mgonjwa anataka kukojoa lakini hawezi, ao yanatoka matone tu.
3. Amepita saa nyingi bila kukojoa hata kama anakunywa.
4. Anasikia maumivu chini ya kitovu, na tumbo linavimba ao linakuwa gumu.
5. Kuna alama ya damu iliyovilia chini ya tumbo, mapajani, ao katika sehemu za siri.
6. Kuna damu kwenye tundu la mkojo, ao kwa mwanamke damu inatoka ukeni ingawa si siku zake.
7. Hawezi kusimama wala kuinua mguu kwa sababu ya maumivu ya nyonga.

Alama ya kwanza ikiwa pamoja na nyonga iliyovunjika, ni jambo kubwa. Kati ya wagonjwa watatu wa namna hiyo, karibu mmoja ana kibofu kilichopasuka. Kwa hiyo dokta hakisii. Anataka kuona.

JUU YA NINI PICHA?

Watu wetu wanaiita "radio". Si ile radio ya kusikiliza habari. Ni mashine inayopitisha mwanga usioonekana katikati ya mwili. Mwanga huo uligunduliwa na mwalimu mmoja wa Udachi, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Picha yake ya kwanza yenye sifa ilikuwa ya mkono wa mke wake: mifupa ya vidole ilionekana, na pete yake juu ya kidole. Unaona, mama, katika watu wa kwanza kabisa kupigwa picha hiyo alikuwa mwanamke.

Lakini katika picha ile nyama za mkono hazikuonekana vizuri. Radio inaona mifupa. Vitu laini inavipita. Kibofu ni kitu laini, na mkojo ni maji. Picha ya kawaida inaweza kuonyesha nyonga imevunjika, lakini haiwezi kusema kama kibofu ni kizima. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kupigwa picha mara ya kwanza, kiisha dokta anasema, "Tutapiga tena." Si kwamba picha ya kwanza iliharibika. Si kwamba wanataka feza zenu bure. Picha ya pili inatafuta kitu kingine.

KAZI INAFANYWA NAMNA GANI?

Kwanza dokta anatazama tundu la mkojo. Kama kuna damu pale, hasa kwa mwanaume, pengine njia yenyewe ya mkojo imepasuka. Hapo hapana kusukuma mpira kwa nguvu, maana unaweza kukata kabisa njia iliyopasuka nusu. Anapiga kwanza picha ya njia. Kwa hiyo, mama, usimlazimishe mtu wa dawa kijijini kumwingiza mgonjwa mpira "ili mkojo utoke."

Njia ikiwa salama, anaingiza mpira mwembamba, ndiyo sonda, mpaka ndani ya kibofu. Inasumbua kidogo, lakini haikati. Picha moja inapigwa mbele ya kutia dawa.

Kiisha wanatia dawa ya rangi iliyochanganywa na maji. Radio haiwezi kupita dawa hii kwa urahisi, kwa hiyo kibofu kinaonekana cheupe juu ya picha. Dawa inashuka yenyewe kutoka chupa iliyoinuliwa. Haisukumwi kwa nguvu.

Kiisha kibofu kinajazwa. Kwa mtu mzima inatakiwa mililita 300 mpaka 350 kwa uchache. Chukua chupa kubwa ya bia: nusu yake ni karibu kipimo hicho. Kwa mtoto wanahesabu miaka yake, wanaongeza 2, wanazidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 4 anatiwa karibu mililita 180. Picha inapigwa kibofu kikiwa kimejaa.

Mwisho dawa yote inatolewa kwa njia ya mpira, na picha moja tena inapigwa. Pengine dawa kidogo ilivuja nyuma ya kibofu na kufichwa na weupe wa mbele. Kibofu kikiwa kitupu, ile iliyovuja inabaki peke yake na kuonekana.

JUU YA NINI KUKIJAZA KABISA?

Wagonjwa wengi wanalalamika hapa: "Muganga, inatosha, nimejaa!" Mama, msaidie mgonjwa wako avumilie. Nitakuonyesha sababu.

Chukua bidoni lenye ufa mdogo upande wa juu. Tia maji kidogo chini: halivuji. Utasema ni zima. Lijaze mpaka juu: maji yanatoka, ufa unajulikana. Kibofu ni vilevile. Kikiwa na dawa kidogo, mikunjo yake inaziba tundu, na picha inadanganya. Mgonjwa anarudishwa nyumbani na tundu lake. Heri taabu ya dakika chache kuliko picha ya uongo.

DOKTA ANAONA NINI?

Kibofu kizima kinaonekana kama yai, na kando zake ni safi.

Kama kimepasuka nje ya mfuko wa tumbo, dawa inaonekana imeenea kuzunguka kibofu kama ndimi za moto. Mara nyingi hapana lazima ya kupasuliwa. Mpira unaachwa ndani ili kibofu kikae kitupu na kujifunga chenyewe, kwa siku 10 mpaka 14, mara nyingine wiki 3. Lakini kama kipande cha mfupa kimechoma kibofu, ao shingo ya kibofu imepasuka, ao uke ama njia kubwa vimeumia pamoja, dokta anapasua.

Kama kimepasuka upande wa tumbo, dawa inaonekana imezunguka matumbo. Huyu anapaswa kupasuliwa, tumbo lisafishwe, kibofu kishonwe. Tundu la namna hii halijifungi lenyewe, hata mkingoja.

Unaona sasa faida ya picha: wagonjwa wawili wanafanana kwa macho, wote wanakojoa damu, lakini mmoja anataka kisu leo na mwingine anataka mpira na uvumilivu.

Mbele ya kuondoa mpira, mara nyingi dokta anapiga picha tena ili kuona kama tundu limefunga. Usimkimbize mgonjwa nyumbani mbele ya siku hiyo. Wakati wa kungoja, anywe maji mengi, mfuko wa mkojo ukae chini kuliko kitanda, na mtu asivute mpira wala kuulalia.

EKOGRAFI NA SKANA

Ekografi, ile inayotazama mtoto tumboni mwako, haina mwanga wa radio. Inaweza kuonyesha maji ndani ya tumbo la mtu aliyeumia, na hiyo ni habari kubwa. Lakini haisemi wazi kama maji hayo ni damu ao mkojo, wala haiwezi kuapa kama kibofu ni kizima. Kwa hiyo ekografi ikisema "hakuna kitu" na mkojo bado ni mwekundu, usitulie.

Katika miji mikubwa kuna skana. Hiyo pia inataka kibofu kijazwe dawa kwa mpira. Dawa iliyotiwa katika mshipa wa mkono peke yake haitoshi kukijaza vizuri.

MASWALI YA WAMAMA

Radio itaniondolea uzazi? Hapana. Picha chache za namna hii haziondoi uzazi wa mwanamke wala nguvu za mwanaume.

Nikiwa na mimba? Mwambie muganga mbele ya picha, hata kama mimba ni changa na hujamwambia mtu nyumbani. Mara nyingi wataanza na ekografi. Lakini kama maisha yako yako hatarini, usikatae radio. Picha moja ao mbili za nyonga zina mwanga kidogo sana kuliko ule unaojulikana kuharibu mtoto. Mama akifa, mtoto naye hana pa kukaa.

Mpira utaharibu ndoa? Hapana. Ukiondolewa, njia inarudi sawa. Kinachoharibu ndoa ni jeraha lililofichwa kwa haya.

Kama kwetu hapana mashine? Basi kazi ya kwanza ni kumfikisha mgonjwa kwa muganga wa karibu siku ileile, ili aandike barua ya kumtuma Moba ao Kalemie, pahali penye kazi hiyo. Njiani fanya hivi:

– Mlaze chali juu ya kipoyi ao ubao. Asikalishwe juu ya pikipiki.
– Kama nyonga inauma, mfunge kitenge kipana kuzunguka nyonga, pale mapaja yanapoanzia, si kiunoni. Kibane kwa nguvu ya kadiri. Hiyo inatuliza mifupa na kupunguza damu.
– Mfunike. Baridi ya Marungu inaongeza hatari kwa mtu aliyetoka damu.
– Usimkande tumbo. Usimtie dawa kwa nyuma. Usimpe chakula, maana pengine atapasuliwa.
– Shika katika kichwa mambo matatu: saa ya ajali, saa aliyokojoa mara ya mwisho, na rangi ya mkojo. Mwambie dokta mbele hajauliza.

KIBOFU NA KUZAA

Si ajali ya kamio tu inayoumiza kibofu. Uchungu ukikaa siku mbili, kichwa cha mtoto kinabana kibofu juu ya mfupa mpaka nyama inakufa. Nyuma ya siku chache tundu linafunguka, na mkojo unavuja mchana na usiku kwa njia ya uke. Hiyo ndiyo fistula. Kuipata mara nyingi hapana lazima ya radio: dokta anatia maji ya rangi ya buluu ndani ya kibofu na kutazama kama yanatokea ukeni. Fistula si laana wala uchawi. Inashonwa. Hospitali ya Panzi katika Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dokta Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alipewa zawadi ya Nobel ya amani, imeshona wanawake wengi sana wenye ugonjwa huu.

Kwa hiyo, mama mjamzito, wakati wa uchungu kojoa kila saa mbili hivi, hata kama husikii haja. Jua likizama na kuchwa tena bila mtoto kutoka, umekwisha kuchelewa sana.

KUMBUKA

1. Mbele ya kupanda kamio, kojoa, na watoto wakojoe. Kibofu kitupu kina mlinzi.
2. Mkojo mwekundu ao mkojo uliokatika nyuma ya ajali: kwa muganga siku ileile, hata kama mgonjwa anacheka.
3. Picha ya mifupa si picha ya kibofu. Uliza bila woga: "Dokta, na kibofu kimetazamwa?"
4. Kibofu kijazwe, mgonjwa avumilie.
5. Mpira usiondolewe mbele ya siku yake.

Mama, usione haya kusema neno "mkojo" mbele ya dokta. Usipolisema wewe, pengine hakuna mwingine atakayelisema.